Adapta ya HDMI inagoma kwenye laptopu ya Linux? Pitia hapa kabla hujaagiza nyingine

Mwakeye wakuu. Nimeamua kuandika hii kitu mara moja niwe naituma tu, maana kila wiki lazima mtu anitafute na swali lilelile, "fundi nimechomeka adapta, projekta inaandika hakuna signo, hii Linux yako mbovu nirudishe Windows?" Tulia kwanza. Kati ya kesi kumi zinazonifikia hapa Mwanga naweza kukwambia nyingi sio Linux kabisa, ni waya, ni adapta ya aina isiyofaa, au ni tundu la laptopu ambalo halikutengenezwa kutoa picha tangu kiwandani. Na sisi wa Kigoma tunajua, adapta ya maana mara nyingi unaagiza Kariakoo, inapanda basi, nauli ya mzigo juu yako, ukiagiza kwa kubahatisha umekula hasara mara mbili na siku zimepita.

Mi mwenyewe yalinikuta. Nilinunua kakitu kadogo keusi, upande mmoja USB upande mwingine tundu la HDMI, nikahangaika nako siku tatu natafuta draiva (programu ya kuifanya kompyuta ielewane na kifaa), usiku silali, kumbe sio adapta ya kutoa picha! Ni ya kuingiza, ile ya kurekodi picha kutoka kwenye kamera au deki kuja kwenye kompyuta. Kwa macho vinafanana kama mapacha. Ndo maana hatua ya kwanza hapa chini ndefu kuliko zote, usiiruke.

Kabla hujaanza uwe na hivi

- Laptopu na chaja yake. Komandi zangu ni za Ubuntu, ila nyingi zinaenda vilevile kwenye Mint na Debian.
- Adapta yenyewe inayokusumbua.
- Waya mwingine wa HDMI, mfupi, mita moja na nusu au mbili, ambao umeshauona unafanya kazi kwa macho yako, sio "nadhani mzima".
- TV au monita nyingine. Ya jirani inatosha.
- Flash ya GB 8 au zaidi yenye Ubuntu ya kuwasha bila kuinstoli.
- Karatasi na kalamu. Sicheki. Utabadilisha vitu vitano alafu usikumbuke kipi ndo kilitibu.

Na fanya haya nyumbani usiku umetulia, sio asubuhi ya semina watu wameshakaa kwenye viti wanakuangalia.

1. Jua umeshika adapta ya aina gani

Shika adapta yako uangalie upande unaoingia kwenye laptopu.

Kama ni HDMI kwenda VGA, lile tundu la zamani lenye skrubu mbili pembeni (hizi ndo nyingi huku kwetu sababu projekta za maofisini na makanisani bado za VGA), ndani yake kuna chipu inayogeuza signo, na hiyo chipu inakula umeme kutoka kwenye tundu la HDMI. Sasa tundu la HDMI linatakiwa kutoa volti 5 na angalau miliampia 55 tu, kidogo sana hiyo. Ndo maana baadhi ya adapta zina katundu kadogo ka chaja pembeni. Hako katundu sio pambo. Ukiona picha inakuja inapotea, chomeka chaja ya simu hapo kabla hujagusa kitu kingine.

Kama ni USB-C kwenda HDMI, hiyo mara nyingi haina haja ya draiva yoyote. Picha inatoka kwenye kadi ya laptopu yenyewe inapita kwenye USB-C kama bomba tu. Ikikataa, tatizo ni tundu, waya au adapta, usianze kudownlodi vitu.

Kama ni USB ile pana ya kawaida kwenda HDMI, hapo ndo kwenye balaa. USB pana haiwezi kupitisha picha ya kadi ya laptopu, kwa hiyo adapta inabeba chipu yake ya picha ndani, na kila chipu inataka draiva yake. Fungua teminali, andika:

`lsusb`

Alafu soma namba zilizo baada ya neno `ID`. Ikianza na `17e9` hiyo ni chipu ya DisplayLink, umebahatika, ina draiva ya Linux, nenda hatua ya 7. Ukiona `1d5c:2000` hiyo ni Fresco Logic FL2000, zile za bei chee, draiva yake ya Linux ilishatelekezwa, ushauri wangu rudisha dukani kama risiti unayo, kama huna mpe mtu wa Windows. Ukiona `534d:2109` pole, umenunua ya kurekodi kama mimi. Haitatoa picha hata uiombee. Itunze, siku ukitaka kurekodi kamera ya harusi itakufaa.

Kingine, adapta nyingi zina upande mmoja tu wa kwenda. Ya HDMI kwenda VGA haifanyi VGA kwenda HDMI, hata kama umepata kiunganishi cha kugeuza ncha. Naulizwa hili sana.

2. Chunguza tundu la laptopu

Sio kila USB-C inatoa picha! Zingine ni za data na chaji tu. Angalia pembeni ya tundu, ukiona alama ya radi au kialama cha herufi D na P zimeshikana, hapo kwa kawaida picha inatoka. Usipoona alama usikate tamaa, wengine hawachori, tafuta modeli kamili ya laptopu usome maelezo yake. Kama una matundu mawili ya USB-C jaribu yote mawili, kuna laptopu moja inatoa picha lingine halitoi na kwa nje yako sawa kabisa.

Dalili moja nzuri, ukichomeka adapta ya USB-C alafu `lsusb` ikakuonyesha kifaa chenye neno `Billboard`, mara nyingi hiyo ni adapta inasema "nimeomba kutoa picha nimekataliwa". Hapo ujue tundu halitoi picha, au waya wa kati ni wa kuchajia tu.

3. Umeme na usafi kwanza

Chomoa kila kitu. Puliza tundu, futa ncha kwa kitambaa kikavu, tochi ya simu mulika ndani. Laptopu za jamaa zangu wa Kibirizi zinakuja na vumbi la barabara limechanganyika na unyevu wa ziwa, limegandamana ndani ya tundu la USB-C mpaka ncha haiingii mpaka mwisho. Toa kwa kijiti cha meno taratibu, laptopu ikiwa imezimwa. Usitumie sindano, utaunganisha pini uzime tundu moja kwa moja.

Alafu mpangilio wangu ni huu: laptopu na projekta kwenye ekstensheni moja, unachomeka HDMI vyote vikiwa vimezimwa, ndo unawasha projekta, unachagua chanzo kwenye rimoti, mwisho laptopu. Kwanini ekstensheni moja? Kumbi nyingi hazina ethi ya kueleweka, ukigusa bodi ya projekta unahisi inakutekenya, na ule umeme unaokutekenya ukitafuta njia kupitia waya wa HDMI unaweza kuondoka na tundu lako. Nimeshaona laptopu mbili zimekufa tundu hivyo, zote siku za jenereta.

Jaribu sasa na waya mfupi na TV ya jirani. Ikiwaka, kazi imeisha, tatizo lako lilikuwa waya au projekta, funga uzi hapa ukalale. Wale wa mita 15 wa bei rahisi ndo wauaji, picha inaonekana dakika mbili inakata.

4. Acha laptopu ikwambie inaona nini

Andika:

`sudo dmesg -w`

Iache wazi, chomeka adapta, uangalie mistari inayotoka. Huhitaji kuelewa yote. Tafuta haya tu:

Ukiona `USB disconnect` inajirudia rudia bila wewe kuchomoa, waya unacheza au umeme hautoshi. Ukiona `error -71`, mawasiliano yanavurugika njiani, badili waya, badili tundu, na kama umepitia habu (kile kifaa cha kuongeza matundu ya USB) chomeka moja kwa moja kwenye laptopu. Ukiona `over-current`, chomoa haraka, kuna kitu kinavuta umeme kupita kiasi au kina shoti. Na isipotoka kitu chochote usiogope, adapta ya HDMI kwenda VGA haipiti kwenye USB kwa hiyo hapa iko kimya siku zote, hata ikiwa nzima.

Toka kwa Ctrl na C.

5. Uliza kadi ya picha

Hii ndo komandi ninayoipenda kuliko zote, inagawa tatizo katikati kama panga:

`grep . /sys/class/drm/*/status`

Utaona orodha ya matundu, mfano `card1-HDMI-A-1/status:connected`. Ile `eDP` ni skrini ya laptopu yenyewe, iache. Kama tundu lako linasema `connected`, waya na adapta vinapita, tatizo ni setingi, nenda hatua ya 6. Kama linasema `disconnected`, hata ubonyeze setingi mpaka asubuhi hutapata kitu, rudi hatua ya 2 na 3. Watu wanakosea hapa, wanakimbilia setingi wakati mfumo haujaona chochote.

Kama kwenye orodha kuna `eDP` peke yake au hakuna kitu kabisa, andika `cat /proc/cmdline`. Ukikuta neno `nomodeset` humo, ndo mchawi wako. Wengi waliliweka siku ya kuinstoli kwa sababu skrini ilikuwa nyeusi, wakalisahau, na likiwepo draiva ya picha haiwaki vizuri na skrini ya nje huipati. Fungua faili la setingi za kuwasha kwa `sudo nano /etc/default/grub`, lifute, sevu, alafu `sudo update-grub`, uzime uwashe.

6. Imeonekana ila giza

Kwanza bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na P, chagua kuakisi. Wengine inaishia hapa na wanaona aibu kunilipa.

Ikikataa, shusha ukubwa. Nenda setingi za skrini weka 1280x720 kwa hezi 60. Kama una habu ya USB-C na TV ya 4K, jaribu 4K kwa hezi 30, habu nyingi za bei ya kawaida haziwezi zaidi ya hapo, ukilazimisha 60 unapata giza au picha inapepesa.

Kama ukubwa unaoutaka haupo kwenye orodha (projekta za VGA hufanya hivi, waya ukiwa na pini iliyokatika laptopu haisomi taarifa za projekta, inabaki kukupa 1024x768), angalia kwanza uko kwenye x11 au wayland, mifumo miwili ya Linux ya kuchora skrini:

`echo $XDG_SESSION_TYPE`

Ikijibu `x11`, andika `xrandr` uone jina la tundu, alafu hizi tatu, weka jina lako badala ya HDMI-1:

`xrandr --newmode "1280x720_60.00" 74.50 1280 1344 1472 1664 720 723 728 748 -hsync +vsync`

`xrandr --addmode HDMI-1 1280x720_60.00`

`xrandr --output HDMI-1 --mode 1280x720_60.00`

Ukubwa mwingine unapata namba zake kwa `cvt`, mfano `cvt 1280 800 60`. Usitunge namba kichwani.

Ikijibu `wayland`, hizo hazifanyi kazi, na hapa ndo watu wananiambia komandi zangu feki. Una njia mbili. Logauti, kwenye kuingiza nywila bonyeza gia kule chini kulia uchague Ubuntu on Xorg, inapatikana kwenye 24.04 na za nyuma. Au weka kwenye `/etc/default/grub`, ndani ya alama za nukuu za `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, neno `video=HDMI-A-1:1280x720@60`, jina ulitoe kwenye hatua ya 5 bila ile `card1-`, kisha `sudo update-grub` na kuwasha upya. Ukimaliza kazi na projekta hiyo ulitoe, usije ukanitafuta mwezi ujao kwamba TV mpya haionyeshi vizuri.

7. Draiva ya DisplayLink (wenye 17e9 tu)

Wengine wote ruka. Kama adapta yako ni ya zamani sana ya USB 2, keneli (kiini cha Linux) ina draiva yake tayari inaitwa `udl`, hudownlodi kitu. Za USB 3 zinahitaji programu kutoka Synaptics, ndo wenye DisplayLink saivi. Tafuta ukurasa wao wa Ubuntu, uweke hazina yao ya apt (chanzo cha kuinstolia programu zao), kisha:

`sudo apt install displaylink-driver`

Tumia bando lenye nguvu, ikikatikia katikati inakuachia nusu nusu.

Sasa onyo, na hili soma mara mbili. Kama Secure Boot, ule ulinzi unaokataa draiva isiyotambulika, imewashwa (angalia kwa `mokutil --sb-state`), wakati wa kuinstoli utaombwa utunge nywila. Iandike kwenye ile karatasi. Ukiwasha upya inakuja skrini ya bluu inakuuliza, na hapo watu wote wanabonyeza kuendelea bila kusoma, draiva inakataliwa, wanarudi kwangu. Chagua `Enroll MOK`, thibitisha, weka ile nywila, ndo iwashe.

Kagua kwa `dkms status`, uone `evdi` (sehemu ya draiva ya DisplayLink inayokaa kwenye keneli) imeandikwa installed mbele ya keneli unayotumia, hiyo ya `uname -r`.

8. Inakatika katika

Hii ndo inayoua watu kwa presha. Banda la mpira Ujiji waliniita, laptopu na projekta, watu wameshalipa, picha inakaa dakika kumi inazimika sekunde tano inarudi, na magoli hayasubiri. Nimefika nimebadili draiva? Hapana. Laptopu ilikuwa inaendeshwa na betri, chaja wamempa mtu mwenye simu, na habu moja imebeba adapta, diski ya nje na feni ndogo ya USB. Feni! Tumetoa feni na diski, tumerudisha chaja, mechi imeisha salama.

Kwa hiyo toa mizigo kwenye habu, chomeka chaja. Habu ya USB-C yenye tundu la kupitishia chaja, chomeka chaja hapo kabla ya HDMI, maana ukiiingiza katikati ya kazi nyingi zinajizima na kujiwasha na picha inaenda nayo.

Kama ni ya USB pana yenye chipu, inawezekana Linux inailaza ili kuokoa betri. Jaribu kwa kuongeza `usbcore.autosuspend=-1` kwenye grub kama tulivyofanya juu, au kama unatumia TLP (programu ya kuokoa betri) weka namba ya adapta kwenye `USB_DENYLIST`. Ya USB-C ya kawaida au HDMI kwenda VGA usihangaike na hii, picha yake haipiti njia ya data za USB, utapoteza muda.

Na ukiona Wi-Fi inakufa kila ukichomeka habu, huloti. Vifaa vya USB 3 vinatoa kelele kwenye masafa ya gigahezi 2.4, sogeza habu mbali kwa waya au tumia Wi-Fi ya gigahezi 5.

9. Washa na flash

Vyote vimegoma? Washa laptopu kwa ile flash, chomeka adapta. Ikifanya kazi humo, chuma kizima, tatizo ni mfumo wako ulivyouchokonoa. Isipofanya humo pia, na kwenye laptopu nyingine isifanye, izike. Angalizo, ya DisplayLink ya USB 3 haitafanya kazi kwenye flash sababu draiva haimo, usiihukumu kwa hilo.

Mengine yanayoulizwa

Picha ya njano, au ya pinki. Ni VGA hiyo, pini moja haigusi. Bluu ikikosekana unaona njano, kijani ikikosekana unaona pinki. Kaza skrubu za pembeni zile mbili, zipo kwa sababu. Angalia pini iliyopinda.

Picha ipo sauti inatoka laptopu. Instoli `pavucontrol`, kwenye Configuration chagua HDMI. Kama umepitia VGA sahau, VGA haibebi sauti, tumia waya wa spika kwenye tundu la hedifoni, au kwenye adapta yenyewe kama ina katundu ka sauti.

Ilikuwa nzima nimeapdeti imekufa. Ukiwa unawasha shikilia Shift au bonyeza Esc, ingia `Advanced options`, chagua keneli ya nyuma. Ikifanya kazi humo, subiri draiva ya DisplayLink iifikie keneli mpya, na asubuhi ya shughuli usiapdeti jamani, nimesema mara ngapi.

Laptopu ina kadi ya picha ya NVIDIA na HDMI haionekani. Kuna laptopu tundu la HDMI limeungwa kwenye NVIDIA moja kwa moja, ukiwa umeizima kuokoa betri tundu nalo limezimika. `sudo prime-select on-demand`, washa upya.

Ukikwama kabisa usinitumie picha ya projekta nyeusi, nazo nyingi, zote zinafanana. Nitumie majibu ya `uname -r`, `lsusb`, ile ya hatua ya 5, na mistari ishirini ya mwisho ya `sudo dmesg` baada ya kuchomeka. Na picha ya adapta pande zote mbili, hasa upande wenye maandishi madogo.